Barua ya Wazi kwa FIFA: Mashabiki Wanaomba Orodha ya Bei za Siasa

Kwa Mheshimiwa Gianni Infantino,
Rais wa FIFA,
Zurich, Uswisi.

YAH: MAOMBI YA ORODHA YA BEI ZA SIASA UWANJANI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mashabiki wa soka wa Dar es Salaam, Nairobi na Goma wanatoa salamu na ombi moja dogo. Kwa miaka mingi wameambiwa kwamba siasa na mpira havichangamani, nao kwa usikivu wao wakakubali. Sheria ya 4 ya mchezo iko wazi: vifaa vya mchezaji visiwe na kauli, ujumbe wala picha ya kisiasa, ya kidini au ya kibinafsi. Kinachowatatiza ni kwamba siasa yenyewe wanaiona kila wiki, imevaa suti, imekaa jukwaa la wageni maalumu, na hakuna mwamuzi anayeipulizia filimbi. Wamelijadili jambo hili vijiweni mpaka kahawa ikaisha, wakaelewana kwamba siasa haijakatazwa uwanjani. Inauzwa tu, na wao hawajaonyeshwa bei.

Februari 7, 2024, Abidjan, nusu fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON), Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo dhidi ya wenyeji Ivory Coast. Wimbo wa taifa unapigwa na wachezaji wa Kongo wamejipanga mstari. Kiganja kimoja kimefunika mdomo. Mkono wa pili umenyoosha vidole viwili kwenye panja, mfano wa bastola. Hakuna aliyehitaji mkalimani: mashariki ya nchi yao watu wanauawa na dunia imenyamaza. Walitumia vidole: Sheria ya 4 inakagua jezi, haikagui vidole. Kisha wakacheza, Sébastien Haller akawafunga bao moja, fainali ikawapita. Uwanja wenyewe, kwa kumbukumbu za Shirikisho, unaitwa Alassane Ouattara, jina la rais aliyekuwa madarakani usiku huohuo. Bila shaka hiyo si siasa, ni anwani.

Usiku huo pia, maneno "Visit Rwanda" yalikuwa na miaka sita hivi kwenye mkono wa jezi ya Arsenal. PSG ilikuwa imeingia mkataba na Kigali mwaka 2019, Bayern Munich ikafuata 2023. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameripoti kuwa wanajeshi wa Rwanda wanawasaidia waasi wa M23 ndani ya Kongo, Kigali inakanusha. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ikaangukia mikononi mwa M23, na Waziri wa Mambo ya Nje wa Kongo, Thérèse Kayikwamba Wagner, akaziandikia klabu hizo tatu akizitaka ziachane na mikataba hiyo. Novemba mwaka huohuo Arsenal ilitangaza kwamba wake utaishia msimu wa 2025/26. Kinshasa nayo ilikuwa imeshajifunza njia ya kwenda sokoni: mwaka huohuo ilisaini na Monaco, AC Milan na Barcelona kutangaza jina la nchi. Kwa hiyo serikali zote mbili zinazolaumiana juu ya vita vya mashariki ya Kongo zimepata pa kujitangaza katika soka la Ulaya, kwa stakabadhi halali. Waliobaki na vidole tu ni wachezaji.

Ndiyo maana orodha inahitajika. Bei za rejareja zinafahamika, ila zimetawanyika. Januari 2009 Frédéric Kanouté, Mmali aliyekuwa Sevilla, alifunga bao, akapandisha jezi na kuonyesha fulana nyeusi yenye jina la Palestina. Chama cha soka cha Hispania kilimtoza euro 3,000. Mwaka 2016 FIFA iliitoza England faranga 45,000 za Uswisi kwa ua jekundu la kuwakumbuka askari waliokufa vitani, na Scotland, Wales na Ireland Kaskazini nazo zikapewa faini zao. Mwaka uliofuata kanuni ikalegezwa na ua likaruhusiwa. Kwa bahati njema vyama vya soka vya nchi hizo nne ndivyo vyenye kura 4 kati ya 8 za IFAB, bodi inayotunga sheria za mchezo; nne nyingine ni za FIFA. Kanouté hakuwa na kura.

Qatar 2022 malipo hayakuwa ya fedha. Timu 7 za Ulaya zilipanga manahodha wao wavae kitambaa cha OneLove cha kupinga ubaguzi, zikaambiwa na FIFA kwamba atakayekivaa ataonyeshwa kadi ya njano, nao wakakivua kabla hawajakivaa. Siku mbili kabla ya hapo Rais wa FIFA mwenyewe, mbele ya waandishi wa habari, alitangaza kwamba siku hiyo alijisikia kuwa Mqatari, Mwarabu, Mwafrika, shoga, mlemavu na mfanyakazi mhamiaji. Hakuonyeshwa kadi yoyote.

Bei ya jumla ndiyo isiyojulikana kabisa. Desemba 5, 2025, Washington, kwenye droo ya Kombe la Dunia, FIFA ilitoa kwa mara ya kwanza Tuzo yake ya Amani na kumkabidhi Rais Donald Trump: kombe la dhahabu, cheti, na medali aliyojivisha mwenyewe shingoni. Miezi mitano kabla, Shirikisho lilikuwa limefungua ofisi ndani ya Trump Tower, New York. Katiba ya FIFA, ibara ya 4, inasema Shirikisho halifungamani na upande wowote katika siasa na dini. Mashabiki wanaomba kufafanuliwa kama ibara hiyo ina saa za kazi.

Wakenya wana swali la pembeni. Novemba 2021 waziri wao wa michezo alivunja uongozi wa chama cha soka cha nchi, FKF, kwa tuhuma za ubadhirifu. Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya kwa kosa la serikali kuingilia mpira, na timu yao ya taifa, Harambee Stars, ikaondolewa kwenye mechi za kufuzu AFCON 2023. Wamelielewa somo: serikali haiingii kwenye mpira. Wanachouliza ni kama mpira unaruhusiwa kuingia serikalini, na kwa mlango upi.

Watanzania, kwa uungwana, wanajitaja wenyewe. Tangu Februari 2023 wana Goli la Mama: Rais Samia aliahidi shilingi milioni 5 kwa kila bao la Simba au Yanga katika mashindano ya Shirikisho la Soka Afrika (CAF), na msemaji wa serikali akawa anakabidhi fedha taslimu mbele ya kamera. Hakuna shabiki aliyelalamika, na mwandishi wa barua hii ana shaka kama yupo atakayelalamika Yanga ikishinda. Lakini mchezaji huyohuyo angeandika kwenye fulana yake jambo linalomkera kuhusu serikali, Sheria ya 4 ingeamka mara moja.

Sheria yenyewe si mbaya. Aliyelipa kiingilio ana haki ya dakika 90 bila mkutano wa hadhara, na kama kila bao litashangiliwa kwa bango, viwanja vitageuka vya kampeni. Ubaya ni kuitumia kwa mwenye fulana peke yake na kumwachia mwenye mkataba. Shirikisho lichague moja: sheria iwabane wote, kuanzia jukwaa kuu, au yaongezwe maneno mawili mwishoni mwake, "isipokuwa imelipiwa," na bei zibandikwe getini pamoja na za tiketi.

Jibu lije mapema. Kenya, Uganda na Tanzania zitaandaa AFCON katikati ya 2027, na uchaguzi mkuu wa Kenya ni Agosti mwaka huohuo. Wateja wapo tayari.