Sifa za Bango la Tovuti na Vipimo Vyake

Katika vitu vyote vinavyolaumiwa na wasomaji wa tovuti, sidhani kipo kilichodhulumiwa kuliko bango la tangazo, ambalo huja bila ya kualikwa likakaa palepale jicho lilipokuwa likielekea. Na kama kipo kinacholipita bango lenyewe kwa kuchosha, basi ni kazi ya kulichagulia kipimo, kazi ya tarakimu zisizo na sura wala ladha, 468 kwa 60, 728 kwa 90, 300 kwa 250, ambazo mwenye tovuti huzikodolea macho mpaka usiku ukawa mwingi asijue ipi ni ipi. Hapana shairi lililotungwa kwa ajili ya bango, wala hapana mtu aliyelisimamia kwa uwakili. Nimekusudia kuishika dhima hiyo mimi, na mahali nilipopachagua pa kuitolea hoja ni Kwa Vonza, katika kaunti ya Kitui, ambapo watu hawahitaji kufundishwa na mgeni fadhila za kipimo kinachojulikana.

Tangu Taasisi ya Kilimo ya Ukamba iliyokuwako huko ilipogeuzwa kuwa chuo kikuu kishiriki mwaka 2008, kisha mwaka 2013 kikapewa hati ya chuo kikuu kamili kwa jina la South Eastern Kenya University, ardhi ya upande ule, iliyokuwa ikitajwa kwa ndengu, mbuzi na ukame, imepata kutajwa pia kwa hosteli na ploti. Na ploti, kama ajuavyo kila Mkenya aliyepata kuweka akiba, ni hamsini kwa mia. Mnunuzi akisha kuyasikia maneno hayo matatu haulizi zaidi: ajua kuwa ni futi, ajua vyumba vingapi vya kupangisha vitaingia, ajua choo kitakaa wapi. Bango la tovuti ni ploti ya namna hiyohiyo, ila lina uaminifu zaidi. Maana hamsini kwa mia huuzwa kwa jina la thumuni ya eka, ilhali eka ina futi za mraba 43,560, ambazo thumuni yake ni 5,445, na hamsini kwa mia ni 5,000 tu. Zile 445 zilizobaki zimekwenda wapi, waulizwe mabroka. Aliyeuziwa 728 kwa 90 hupata pikseli 65,520, Kwa Vonza na London sawasawa, na hapana jirani awezaye kuisogeza bikoni usiku.

Nasaba ya kitu hiki si ndefu, walakini ina heshima yake. Tarehe 27 Oktoba 1994 jarida la HotWired la Marekani lilitundika bango la kampuni ya AT&T, nalo huhesabiwa kuwa ndiye Adamu wa mabango yote. Baada yake ikaja fujo: kila mwenye tovuti akajikatia kipimo chake, na mtangazaji aliyetaka kuonekana mahali kumi akalazimika kulichora upya tangazo lilelile mara kumi. Mwishoni mwa mwaka 1996 jumuiya iitwayo sasa Interactive Advertising Bureau pamoja na wenzake wakatoa orodha ya vipimo vinane, kuanzia 468 kwa 60 mpaka kile kibandiko cha 88 kwa 31. Na mwaka 2001 ikaongeza vikubwa zaidi, miongoni mwao ile minara ya pikseli 120 au 160 kwa 600, na 300 kwa 250, ambacho mpaka leo ndicho sultani wa mabango. Wasomaji wakalia. Ndivyo walivyo wasomaji.

Ama fadhila ya kwanza ya kipimo kilichokubaliwa ni insafu. Barabarani mwenye mali hutangaza kwa kadiri ya mali yake: benki ya Nairobi husimamisha bango refu kupita mnazi, kampuni ya simu huyapaka rangi yake maduka ya soko zima, na mwenye hosteli ya vyumba kumi huambulia kipande cha bati kilichopigiliwa mtini. Katika tovuti benki ikinunua 300 kwa 250 hupewa 300 kwa 250, na mwenye hosteli akinunua 300 kwa 250 hupewa hichohicho, wala ile benki haiwezi kutakabari kwa kujiongezea hata pikseli moja ya kuweka nembo.

Fadhila ya pili ni adabu ya maneno, na hapa sina budi kukawia kidogo. Tumchukulie mama mmoja mwenye hosteli mpya, anayekwenda kwa kijana wa chuo mwenye tovuti ya habari za mtaa, ili atangaziwe. Muradi wake ni huu: picha ya jengo kutoka pande zote nne, picha yake mwenyewe pamoja na wanachama wenzake siku ya kufungua, namba mbili za simu na ya tili, bei ya bedsita, onyo kwamba wageni hawaruhusiwi baada ya saa nne usiku, na aya moja ya Zaburi. Kwenye bati la barabarani fundi angemkubalia yote, akaanza na herufi kubwa kubwa, kisha zikazidi kusongamana kadiri anavyokaribia ukingo, hata tarakimu mbili za mwisho za simu zikapanda ukutani kama zinazotafuta njia ya kutokea. Kijana humfungulia simu, akamwonyesha kile kipande cha chini cha pikseli 320 kwa 50, chenye kimo cha ukucha, kisichobeba zaidi ya mistari miwili ya maandishi yanayosomeka.

"Mama, mahali penyewe ni hapa."

"Mwanangu, kwa hivyo hata Mungu hana nafasi?"

Wanachama huondoka kwanza, kisha pande tatu za jengo, kisha onyo la wageni, ambalo mama hulitetea kwa muda mrefu kuliko yote. Zaburi hufuata kwa huzuni. Mwisho husalia: CHUMBA, MAJI, STIMA. GETINI DAKIKA TANO, na namba moja ya simu. Na ingawa dakika tano hizo ni za mwanafunzi aliyechelewa mtihani, tangazo hilo limesema kila alichotaka mpangaji kukijua. Wako wahariri waliosomea kazi yao miaka mingi wasioweza kuyafanya yaliyofanywa na pikseli hamsini kwa muda wa chai moja.

Wapinzani watasema kwamba mabango haya hayaonekani. Ni kweli, na mimi naliongeza jambo hilo katika sifa. Mwaka 1998 watafiti Benway na Lane wa Chuo Kikuu cha Rice walionyesha kwamba watu wanaotafuta habari hupita juu ya bango kubwa la rangi wasilione, hata pale kitu wanachokitafuta kimo ndani yake. Basi ni mtangazaji gani mwingine mwenye staha kiasi hicho? Gari la vipaza sauti likipita sokoni siku ya mnada hulisikia mpaka mbuzi. Bango hukaa mahali pake, likasema neno lake, na asiyelitaka hupewa idhini kamili ya kuwa kipofu.

Maadamu nimejitwika uwakili, na nishauri. Kwa Vonza wasomaji wengi wana simu mkononi na bando la kuhesabu, kwa hiyo 320 kwa 50 na 300 kwa 250 vyatosha; hicho cha pili huingia katika kioo chenye upana wa 320 kikabakiza kumi kila upande. Ile 728 kwa 90 iachiwe wanaokaa mbele ya kompyuta za maktaba, wala mtu asidanganywe na urefu wake, kwani 300 kwa 250 ina pikseli 75,000, yaani inaishinda kwa 9,480. Mnara wa 160 kwa 600 usijengwe kabisa. Na 88 kwa 31 apewe muuza mbuzi, aandike MBUZI.

Kinachonitia hofu ni kwamba mwaka 2017 jumuiya ileile ilianza kuviacha vipimo vyake vya kudumu, ikasema bango sasa lipimwe kwa uwiano wa upana na kimo, likue na kupungua kwa kadiri ya kioo cha msomaji. Lakini kijana wa Kwa Vonza ataanzaje kumweleza yule mama kwamba nafasi aliyoilipia ni kubwa kwa mpangaji huyu, ndogo kwa yule, na kwamba bikoni zake hutembea? Mama atamsikiliza kwa upole mpaka mwisho, atafunga mkoba wake, na kesho yake asubuhi atarudi pamoja na chifu, sorovea, na mkanda wa kupimia.