Dira Isiyosumbua

Dira ya elektroniki husawazishwa kwa kuizungusha boti polepole, duara zima la digrii 360, kwenye maji tulivu, ili ijifunze kutofautisha usumaku wa dunia na ule wa injini. Hayo ni ya wenye nafasi. Nahodha mwerevu huifunga dira kando ya spika ya redio, panapopendeza macho, kisha huisawazisha huku boti ikiwa imefungwa gatini, maana mafuta ni ghali. Kaskazini hapo huitii spika kuliko ncha ya dunia, na pwani huonekana upya kila safari. Manahodha wa majahazi, waliofika Muscat kwa nyota, hawakuonja uhuru huo. Mwamba ukigongwa, kosa ni la mwamba. Dira bado ina dhamana.