Pilau ya Miezi Miwili

Kalenda za ukutani Tanzania hujiamini kwa sikukuu nyingi, lakini si kwa Idi. Mei Mosi haihami, Sabasaba iko palepale, ila pembeni ya Idi huchapwa maneno madogo: kutegemea kuandama kwa mwezi. Mwenye mshahara na friji hayamsumbui. Mwanafunzi wa geto aliyejitapa kwenye grupu la WhatsApp kwamba safari hii pilau ni kwake, huyasoma mara mbili.

Mwenyeji wetu, mwanafunzi wa mwaka wa pili jijini Dar es Salaam, aliyasoma Machi 2025. Boom, yaani pesa ya kujikimu ya mkopo, lilishakata. Alibaki na chumba kimoja, mtungi wa gesi wa kilo 6 na mchele aliotumiwa na mama yake kutoka Kyela. Jumamosi jioni, tarehe 29, Saudi Arabia ikatangaza kwamba mwezi umeonekana. Wale waliofuata tangazo la BAKWATA, baraza la Waislamu nchini, walikuwa wameanza kufunga siku moja nyuma ya Saudia, kwa hiyo kwao Jumapili ilikuwa bado Ramadhani, mwezi 29. Wageni wakagawanyika: watu wa mwezi wa Saudia, watu wa mwezi wa nyumbani, na Wakristo, ambao kwao mwezi wowote ni mwezi mradi nyama iive.

Grupu likapiga kura. Jumatatu haikuaminika, kwa sababu mwezi usipoandama ingekuwa siku ya vipindi kama kawaida. Jumapili ikapita: wenye Idi yao wale mchana, waliofunga wafuturu kwa pilau hiyohiyo. Kwamba mpishi mwenyewe alikuwa amefunga, hakuna aliyeliona kuwa tatizo.

Mtungi mdogo wa gesi hubeba jiko lake kichwani. Sufuria kubwa ya kuazima kwa mama lishe ilikaa juu yake kama bonge la mtu juu ya kigoda, na mwenyeji akawa anakoroga kwa mkono mmoja huku mwingine umeshikilia. Nyama ilipoanza kutoa supu, gesi ikaisha. Mama lishe akaleta jiko la mkaa, na sharti lake: sufuria irudi usiku huohuo.

Hapo palikuwa na heri, maana pilau bila kupaliwa makaa juu ya mfuniko huweza kubaki na punje mbichi juu na uji chini. Ila sufuria ilikuja bila mfuniko. Sinia la alumini lililonunuliwa kwa kupakulia ndilo lililofunikia, likabeba makaa, na halikurudi tena kwenye hadhi yake.

Kabla ya mchele kuingia, ikaja kazi ya chumvi. Wanazuoni wengi humruhusu mpishi aliyefunga aonje kwa ncha ya ulimi na kutema, ikiwa ipo haja. Mwenyeji alijijua vizuri: angeonja, asingetema. Akamwita jirani yake Mkatoliki.

Jirani alikuwa kwenye Kwaresima, iliyoanza mwaka ule Machi 5, na alijiwekea nadhiri ya kuacha nyama. Akaitazama sufuria. Akaeleza, kwa sauti ya katekista, kwamba Jumapili hazihesabiwi katika zile siku 40. Ni kweli, hazihesabiwi. Akachukua kijiko.

"Vipi chumvi?"

"Supu peke yake haisemi, ndugu yangu. Hebu tia na kipande."

Akapewa. "Bado kidogo," akasema. Kila "bado kidogo" ilijibiwa kwa chumvi na kufuatiwa na kipande kingine, mpaka jirani mwenyewe akaomba maji. Dawa ikawa kuongeza maji na mchele. Lakini pilau hupata rangi kwa vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa vya kahawia, na vitunguu vilikuwa vya mchele wa awali tu. Kilichoiva kilikuwa na rangi iliyofifia, kikapakuliwa kwenye beseni la kufulia. Jipya, mwenyeji aliapa, na bei ilikuwa bado imebandikwa pembeni.

Watu wa Saudia wakaingia na kanzu zilizopigwa pasi, kila mmoja na mwenzake. Wanafunzi waliozoea kubebana hosteli, wawili kitanda kimoja, hawawezi kuachana siku ya pilau. Hesabu ya majumbani, kilo moja ya mchele watu wanane, haikuwahi kufanywa na mtu aliyeishi bwenini. Adhana ya magharibi ilipolia, waliofunga walifuturu kwa ukoko, viazi na pole.

Usiku ule mwezi ukaandama. Jumatatu ni Idi. Grupu likaamka: "Kwa hiyo kesho saa ngapi?"

Kesho yake mchele uliobaki ulipikwa kwa awamu, kwenye sufuria ya chai na jiko la jirani, pamoja na kuku wa mchango. Mwenyeji akaonja mwenyewe na chumvi ikakaa sawa. Wa kwanza kubisha hodi alikuwa kinara wa mwezi wa Saudia, kanzu ileile.

"Karibu, kaa ule."

Hawezi, akasema. Kwake ilikuwa tayari Shawwal ya pili, na ameshaanza funga ya siku sita. Aliomba tu awekewe kwenye hotpoti, ya kufuturia, na paja kama lipo.