Ombi la Kuwaondoa Watoto Kwenye Mashindano ya Watoto

Mwenyekiti,
Kamati ya Mashindano ya Soka ya Watoto Chini ya Miaka 10,
Kata Yetu, Dar es Salaam.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: OMBI LA KUWAONDOA WATOTO KWENYE MASHINDANO YA WATOTO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mzazi. Mwanangu ana miaka minane na anacheza beki wa kulia, ingawa mara nyingi nimemkuta katikati ya uwanja akitafuta kiatu chake. Kwa misimu miwili sijakosa mechi hata moja ya Jumamosi. Nimepiga kelele juani na mvuani, nimegombana na marefa wanne, nikapatana na mmoja. Kwa uzoefu huo naomba kuiarifu kamati yako kwamba nimegundua kinachoyaangusha mashindano haya. Si uwanja, japokuwa kona moja ina mwembe. Si refa, japokuwa kipenga anakijua yeye na Mungu wake. Ni watoto.

Ushahidi ninao. Jumamosi iliyopita tulikuwa tunaongoza 1-0, dakika zimebaki mbili. Ndege ikapita chini chini kuelekea Kipawa. Golikipa wetu akageuka, akaipungia kwa mikono yote miwili, na mpira ukapita katikati ya miguu yake taratibu kama mgeni anayejua njia. Sisi wazazi tukashika vichwa. Yeye akaenda kumpongeza mfungaji, kwa sababu wanakaa dawati moja shuleni. Wiki moja kabla ya hapo, winga wetu alisimama katikati ya shambulizi kumfunga kamba za viatu beki wa upande wa pili. Ndugu Mwenyekiti, kwa watu wa namna hii tutapata lini kombe?

Linganisha na mchango wetu sisi watu wazima. Siku hiyo nilihesabu makocha 14 kwenye mstari wa pembeni, ukimtoa kocha mwenyewe. Namba tisa alipopata mpira, baba yake aliita, "Piga mbele!" Mjomba wake akaita, "Tulia nao!" Mama yake, aliyekuja na chupa ya uji wa ulezi, akaita, "Umekunywa maji, mwanangu?" Mtoto akasimama na mpira mguuni, akatutazama mmoja mmoja, kisha akautoa nje ili asimvunjie mtu heshima. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Lakini wahenga wale hawakuwa na mtoto kwenye timu.

Kocha naye anajitahidi. Wanacheza saba saba, yeye ana watoto 15, na mmoja kati yao hajagusa mpira tangu msimu uanze. Jezi yake bado ina mikunjo ya dukani. Mama yake analipa ada kila mwezi kama sisi, na nadhani ndiye anayefaidi kuliko wote, maana hafui. Nilipomuuliza kocha atampanga lini, alinijibu, "Tukishaongoza matatu, mzee." Hatujawahi kuongoza matatu.

Wapo waliojaribu kulitatua tatizo la watoto kwa njia za kificho. Nawazungumzia vijeba. Timu ya mtaa wa pili ina straika ambaye cheti chake cha kuzaliwa kinampa miaka tisa, na baada ya mechi aliondoka akiendesha bodaboda, amempakia golikipa. Wenzangu walilalamika. Mimi nampongeza kocha wao kwa kuona mbali: ameshatambua kwamba mtoto hafai kwenye soka la watoto, amekosa tu ujasiri wa kulisema hadharani.

Wala asilaumiwe peke yake, kwa kuwa mambo haya yana ukoo mrefu. Mwaka 2005 timu yetu ya taifa ya vijana, Serengeti Boys, walikuwa wamekata tiketi ya fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 kule Gambia. Wakaenguliwa kwa sababu ya umri wa mchezaji, Zimbabwe ikaenda badala yetu. Mwaka 2017 tukaenda Gabon kwa mlango uleule, safari hii umefunguka upande wetu: Kongo Brazzaville, waliokuwa wametutoa, waliondolewa kwa utata wa umri wa mchezaji wao. Katikati ya hapo, mwaka 2009, FIFA ilianza kuwapiga vijana wa Kombe la Dunia la umri huo picha za MRI za kifundo cha mkono, kuangalia kama mfupa umekwisha kuungana. Cheti husema ulichokiambia kiseme. Mfupa hauna mjomba ofisini. Kuelekea fainali za mwaka 2023 Kameruni ilipima wachezaji 30 wa kikosi chake cha vijana hao, wakaanguka 21. Kwa hiyo naomba tuache kuzungukazunguka. Tuvae jezi wenyewe.

Najua watatokea watu wa kukutolea mfano wa Norwei. Usiwasikilize. Huko, tangu mwaka 1987, wana kanuni za haki za watoto michezoni, wakazifanyia marekebisho mwaka 2007. Kwa kanuni hizo hakuna msimamo wa ligi kabla ya mwaka ambao mtoto anatimiza miaka 11, na ubingwa wa taifa unasubiri hadi 13. Hebu fikiria, mzazi anaondoka uwanjani hajui amemzidi nani! Na madhara yake yanaonekana. Nchi ile ina watu karibu sawa na Mkoa wa Dar es Salaam, ambako sensa ya 2022 ilituhesabu zaidi ya milioni 5.3. Mwaka huohuo ilitoka kwenye Olimpiki ya Majira ya Baridi kule Beijing na dhahabu 16, hakuna taifa lililoifikia. Tuseme hiyo ni theluji, haituhusu. Basi yupo kijana mmoja aliyekulia kwenye mji mdogo wa Bryne, chini ya kanuni hizohizo. Anaitwa Erling Haaland, na kila wikiendi tunajionea kwenye vibanda umiza alivyoharibika.

Kwa hayo yote, naomba kamati ipitishe yafuatayo kuanzia Jumamosi ijayo:

Kwanza, wazazi tuingie uwanjani, saba saba, saa nne asubuhi, kwenye jua lilelile.

Pili, watoto wasimame pembeni na wawe huru kutuelekeza kwa sauti, kila mmoja kwa analoliona yeye.

Tatu, mzazi asiyejua kupiga kwa mguu wa kushoto akae benchi hadi msimu uishe, ada ikiendelea kulipwa.

Nne, mzazi akiumia na kulia aambiwe kwamba wanaume hawalii. Akiwa mama, aambiwe hivyohivyo.

Tano, mzazi akifanya kosa, mwanawe awe na haki ya kumchambua kwenye bajaji kutoka uwanjani hadi mlangoni kwao, mbele ya dereva.

Hili la tano nimeshalifanyia majaribio, ila kwa kugeuza nafasi. Baada ya mechi ile ya ndege nilimweleza mwanangu makosa yake kumi na moja, tangu uwanjani hadi Tabata. Alinisikiliza kichwa kikiwa chini. Nilidhani yanamwingia. Tuliposhuka nikagundua alikuwa anahesabu kokoto alizookota ndani ya 18 wakati tunashambuliwa.

Mwisho, nina taarifa ya uvunjaji wa sheria. Jioni ileile nilimkuta mwanangu kwenye uchochoro wa nyuma ya nyumba, anacheza chandimu. Mpira wenyewe ulikuwa wa matambara na mifuko ya plastiki, bidhaa iliyopigwa marufuku nchini tangu mwaka 2019. Magoli ni kandambili. Hakuna refa, hakuna usajili, hakuna cheti. Golikipa wetu alikuwepo, pamoja na yule mfungaji wa dawati moja, na walikuwa timu moja. Mtoto wa jezi yenye mikunjo alikuwepo, kifua wazi, anawapiga wenzake matobo. Hata kijeba alikuwepo; wamemwekea sheria ya kupiga kwa kushoto tu, na ameikubali. Upande mmoja ulipozidiwa sana walisimama, wakabadilishana wachezaji wawili, wakaendelea. Kamati yako imekaa vikao vitatu juu ya suala hilo.

Nikauliza nani anaongoza. Wakatazamana. Mmoja akasema ishirini na kitu. Mwingine akasema hapana, tulishaanza upya.

Nikaona kosa kubwa la kiulinzi. Nikafungua mdomo nimwelekeze beki wangu. Mpira ukasimama. Wote wakasema, "Shikamoo," kwa adabu kabisa, kisha wakabaki wamesimama, wananisubiri niondoke.

Nikaondoka, Ndugu Mwenyekiti. Nilikuwa na hakika kwamba mechi isiyo na mtu mzima hata mmoja haiwezi kufika popote. Ilipoadhiniwa magharibi ilikuwa bado inaendelea.

Naomba nijibiwe kabla ya Jumamosi. Njumu nimeshanunua.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mzazi wa beki wa kulia

Nakala:
Kocha – anipange winga.
Refa – pole.