Mita 11 za Watu Wengine

Aliyebuni lenzi ndefu ya zumu hakuwahi kupanga chumba Sinza. Angekaa hata mwezi mmoja, angejua kwamba katika jiji la Dar es Salaam huwezi kusimama mita 11 kutoka kwa mwenzako na hizo mita zikabaki zenu wawili. Zina wenyewe. Zina bodaboda, zina mama anayepeleka bakuli la maharage kwa jirani, zina mbuzi wa mtu.

Hesabu ya mita 11 sikuitunga mimi. Lenzi yangu mpya ni ya milimita 70 hadi 200. Ukiivuta mpaka 200 kwenye kamera ya sensa kubwa, mtu mzima haenei kwenye picha, kuanzia kandambili hadi kilemba, mpaka urudi nyuma kiasi hicho. Mwenye kamera ya sensa ndogo anarudi zaidi ya mita 16, yaani huyo na mteja wake wanaongea kwa simu. Kichwa na mabega tu, mita 3 zinatosha, na hapo ndipo nilipodhani sebule yangu itanifaa. Nilimketisha mama watoto kwenye kochi, nikarudi nyuma, nikapita mlango wa jikoni, mgongo ukagota kwenye friji, na bado nilikuwa naona pua na hereni moja. Ukiirudisha 70 anaenea vizuri, lakini hiyo ni picha ambayo ile lenzi ndogo iliyokuja na kamera ingeipiga bila kunidai chochote.

Bei yake sitaitaja. Nyumbani nilitaja bei ya begi.

Na usidhani niliinunua kwa kujionyesha tu. Simu ukiisogeza karibu na uso wa mtu, pua hutangulia na masikio yakabaki nyuma. Ukimpiga kutoka mbali, kila kiungo kinarudi mahali alipokiweka Mungu. Kinachofanya kazi hiyo ni umbali, lenzi ndefu inakuwezesha tu kukaa mbali bila mtu kuwa mdogo kwenye picha. Halafu ipo ile nyuma inayoyeyuka, ambayo ndiyo vijana wote wanaitaka. Ukifungua tundu la lenzi mpaka f 2.8 na mtu akiwa mita 3, sehemu inayotoka kali haizidi sana sentimita 4. Kope zinahesabika, sikio limeshaingia ukungu. Mteja akivuta pumzi akasogea mbele, kali inahamia kwenye sikio, na jicho, ambalo ndilo lililomleta, linabaki na usingizi.

Kabla ya hayo yote kuna kuibeba. Lenzi peke yake ina uzito wa kama kilo moja na nusu, bila kamera. Sheria ya zamani inasema ukiwa kwenye milimita 200 usipige kwa mwendo wa chini ya sehemu moja ya 200 ya sekunde, la sivyo mtetemeko wa mkono utaonekana. Hiyo ni kwa mikono iliyozoea. Mimi baada ya nusu saa napiga kwa sehemu moja ya 500 na bado bahari inatetemeka. Nilimlalamikia baba mdogo, ambaye kila ukimweleza shida yako ana mtu aliyeteseka kuliko wewe, naye hakunikawiza: "Mohamed Amin alikatika mkono wa kushoto Addis Ababa mwaka 1991, ghala la silaha lilipolipuka. Akafungwa mkono wa bandia, akarudi kazini na kamera yake. Wewe miwili yote unayo." Ni kweli tupu, Mkenya yule alifanya hivyo, na tangu siku hiyo nalalamikia mabega peke yake.

Sasa njoo kwenye jua. Mwalimu wangu ni bwana mmoja wa California anayefundisha kwa video, na kila somo lake linaishia ufukweni jioni: mteja ameipa bahari mgongo, jua linazama nyuma yake, nywele zinawaka dhahabu. Nikamchukua shemeji, mdogo wake mama watoto, aliyetaka picha za siku ya kuzaliwa, tukaenda Coco Beach saa kumi na moja jioni. Jua likatuaga kutoka upande wa Ubungo. Bahari yetu inatazama mashariki, jua inalitoa, haiwezi kulimeza. Anayetaka dhahabu ya nyuma ya nywele kwa upande huu wa bara aamke, awe amevaa na kujipaka ifikapo saa kumi na mbili alfajiri, na mimi sijamwona bado mwanamke wa familia ile aliyewahi kuwa amejipaka saa hiyo. Au apande boti kwenda Unguja, Forodhani, ambako bahari iko magharibi na jua linatua mnapotaka, ila nauli ya boti haikuwa kwenye bajeti ya begi.

Na jua letu halina subira. Kwao huko kaskazini wakati wa kiangazi linashuka kwa mshazari, linaaga nyumba moja baada ya nyingine. Huku karibu na ikweta linashuka wima. Ule mwanga laini unaupata kwa dakika chache, na shemeji anazitumia kutafuta rangi ya mdomo kwenye mkoba. Mchana ndio usiseme: kila mwaka mwanzoni mwa Machi, kisha tena Oktoba, jua linapita juu kabisa ya utosi wa Dar es Salaam, na mtu aliyesimama nje saa sita anakuwa na mashimo mawili meusi mahali pa macho. Dawa yake ni kivuli cha mwembe au mkungu, mteja akae ukingoni mwa kivuli akitazama kwenye mwanga. Lakini kila mti wenye kivuli kizuri mjini hapa una fundi viatu, wakala wa pesa, au vijana wa bodaboda wenye benchi lao. Ni lazima uombe, na ukiomba wanataka kupigwa wao kwanza.

Nilisema mita 11 zina wenyewe. Tulirudi Coco Beach siku nyingine, shemeji nikamsimamisha kando ya barabara palipo wazi, nikahesabu hatua, nikainua lenzi. Mzee akakatiza katikati. Sasa mimi nimefumba jicho moja, kidole kiko kwenye kitufe, na mzee huyo, kwa umri, hawezi kupita mbele yangu bila shikamoo. Nikasema shikamoo. Akasimama kujibu. Marahaba, hujambo, habari za kazi, huyo ni nani unayempiga? Nyuma yake dada wawili wenye adabu zao wakaona kamera, wakasimama kungoja nimalize ndipo wapite. Nami nangoja wapite ndipo nipige. Muungwana mmoja akainama akapita kwa kunyata ili asiingie kwenye picha, na kwa kunyata huko akachukua muda mara tatu ya mtu anayetembea.

Kuna na rangi. Lenzi yangu ni nyeupe, maana wapo watengenezaji wanaopaka lenzi zao kubwa rangi hiyo ili zisishike sana joto la jua. Hawakufikiria kwamba hapa kwetu lenzi nyeupe maana yake ni televisheni. Bwana mmoja mwenye koti alinijia moja kwa moja, akasimama mahali pa shemeji, akakohoa, akaanza: mtaro wa mtaani kwao umeziba tangu masika, na mwenyekiti anajua. Nilimwacha amalize. Alizungumza vizuri kuliko watu wengi ninaowasikia kwenye taarifa ya habari, akaniuliza itarushwa saa ngapi, nikamwambia saa mbili.

Lililobaki ni kuelekeza. Kwa mita 3 unasema "inua kidevu kidogo" na kidevu kinainuka kidogo. Kwa mita 11, na upepo wa bahari, unapiga kelele.

"Shem, kidevu!"

"Kitambi?"

"Kidevu! Inua!"

Akavuta tumbo ndani, uso ukajikunja. Hapo ndipo kijana wa madafu, aliyekuwa ameegesha baiskeli yake karibu na shemeji, alipochukua kazi ambayo hakuna aliyempa. "Anasema kidevu, dada. Na legeza uso. Huyo anakupiga picha au anakudai?" Shemeji akacheka mpaka akashika magoti. Nilipiga mfululizo. Ni picha nzuri kupita zote nilizopata na lenzi ile: meno, macho, shingo, mwanga, kila kitu kimekaa. Isipokuwa katika kila moja shemeji anatazama kushoto, kwa muuza madafu.

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya shangazi, aliyekuja kutoka Mbagala kwa nauli yake na kitenge kipya. Yeye ni mweusi wa kupendeza, na kamera iliyoelekezwa kwenye bahari inayong'aa huona mwanga ule mwingi, ikatia giza kwenye picha nzima. Usipoipandisha hatua moja au zaidi kwa mkono, unapata kitenge kisicho na mtu. Niliipandisha. Uso wake ukatoka na kila mstari wa kicheko. Nyuma, bahari ikayeyuka ikawa buluu tupu, laini, ile yenyewe niliyoilipia. Nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera.

"Imetoka ukungu," akasema. "Irudie."

"Shangazi, hiyo nyuma inatakiwa iwe hivyo. Ndiyo sanaa yenyewe."

"Sanaa gani ya kuficha bahari? Nimepanda daladala mbili. Nitakayemwonyesha Mbagala atajuaje kwamba nilifika Coco Beach? Mihogo iko wapi? Watu wako wapi?"

Nilibana tundu mpaka f 11, na kwa kuwa lenzi ndefu huvuta vilivyo mbali vikaja begani, gari la majitaka lililokuwa limeegeshwa mbali kabisa likamkalia shangazi kwenye bega la kulia, namba zake zinasomeka. Hiyo aliipenda. Amesafishiwa kubwa, iko ukutani kwake.

Usiku ule nilimweleza mama watoto habari za Seydou Keïta wa Bamako, aliyefungua studio yake mwaka 1948 na kupiga watu uani kwa mwanga wa jua tu, akitundika nyuma yao shuka la kitandani mwake. Nilikuwa na nia yangu. Nilitaka shuka letu jeupe, lile la wageni, ili mtu alishike karibu na mteja lirudishe mwanga usoni.

"Na huyo bwana alikuwa anapiga picha ngapi kwa mtu mmoja?" akaniuliza.

Nikamwambia ukweli: kwa kawaida moja tu, filamu zilikuwa ghali.

"Basi na wewe piga moja, ndipo nikupe shuka."

Jumamosi nina kazi ya send-off ya binti wa ukoo, ya kulipwa, ya kwanza. Binti amenitumia ujumbe. Hakuuliza kuhusu lenzi, hakuuliza kuhusu mwanga, ameuliza kama yule kaka wa madafu atakuwepo, kwa sababu ameona picha za shemeji. Nikamtafuta kijana. Anataka nauli, chakula cha mchana, na jina lake liandikwe kwenye picha mbele ya langu. Nauli nimekubali, chakula nimekubali. Kuhusu jina bado tunabishana, ila mwenzangu anabishana huku ameshika panga la madafu.