Taarifa ya Utekelezaji wa Agizo la Kujiajiri

Kwa Mheshimiwa Mwenye Dhamana ya Vijana Wasio na Kazi,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

YAH: TAARIFA YA UTEKELEZAJI KUTOKA KWA MHITIMU WA SOSHOLOJIA



Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Narejea agizo lako kwamba sisi wahitimu tuache kuzunguka na bahasha za kaki, tusichague kazi, tujiajiri. Agizo hilo hutolewa katika kila mahafali na kila semina ya vijana, kwa hiyo nina hakika nawe umewahi kulitoa. Na kwa kuwa nchi yetu ina desturi ya kudai taarifa ya utekelezaji kwa kila agizo, nimeona ni utovu wa nidhamu kukaa kimya.

Taarifa nzuri huanza na mafanikio. Naomba kukiruka kipengele hicho.

Aliyesoma ufundi wa magari akiambiwa ajiajiri, hutafuta spana na kivuli cha mwembe. Aliyesoma kilimo hukodi heka mbili. Mimi nimesoma sosholojia: namna watu wanavyoishi pamoja, wanavyogombana, wanavyoamini, na wanavyomdanganya mwenye dodoso. Malighafi yangu ni jamii, nayo haiuzwi kwa jumla Kariakoo. Hata hivyo nilitii. Nimefungua kibanda hapa Ihumwa, katikati ya wakala wa miamala ya simu na mama anayekaanga chipsi, nikaandika ubaoni kwa rangi nyekundu: HAPA TUNAELEZA KWA NINI WATU WANAFANYA WANAYOFANYA. BEI MAELEWANO.

Mteja wa kwanza alitaka chenji ya elfu kumi. Wa pili, mama mtu mzima, alitaka kujua nani kamroga. Nilimweleza kwa heshima kuwa huduma hiyo hatuna, ila ningeweza kumsaidia kuchunguza uhusiano wake na mawifi zake tangu shamba la urithi lilipogawanywa. Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu," akasema, "mganga angekuwa ameshanitajia jina." Akajifunga kanga yake vizuri, akaenda zake. Hapo nikamjua mshindani wangu: anataja jina, hadaiwi mkopo wa elimu ya juu, na hajawahi kuombwa barua ya utambulisho.

Nikaboresha biashara. Nilibandika orodha ya huduma na bei. Kueleza kwa nini choo bora kilichojengwa kwa fedha za mradi kimepigwa kufuli kikisubiri wageni wa mradi: shilingi 20,000. Kueleza kwa nini chandarua chenye dawa kimezungushwa kwenye bustani ya mchicha: 15,000. Ukitaka na maelezo ya kwa nini mwenye bustani ana akili timamu, ongeza 5,000, maana hapo kazi ni kubwa. Mwenye bustani anaona kuku kila siku, mbu anawaona kwa msimu. Chandarua alipewa bure na mtu aliyeshuka kwenye gari, akapigwa picha, na hakuna aliyerudi kuuliza kitanda chake kina upana gani au kama anacho kitanda. Afisa anayeandika kwamba "wananchi bado hawana uelewa" ameandika sentensi ya uongo, na kwa sentensi hiyo itaandaliwa semina nyingine.

Jirani yangu wakala ananicheka, lakini anakula matunda ya fani yangu bila kujua. M-Pesa ilipokuwa inajaribiwa kule Kenya kabla ya kuzinduliwa mwaka 2007, ilikusudiwa kuwasaidia watu kurejesha mikopo midogo. Waliojaribishiwa wakaanza kuitumia kwa mambo yao, zaidi kutumiana fedha, mjini kwenda nyumbani. Waliokuwa wakitazama hawakusema wananchi hawana uelewa. Walitazama watu wanafanya nini, wakabadilisha bidhaa ifuate watu. Kampuni za simu, benki na viwanda vya bia hulipa fedha nzuri kwa kazi hiyo, ila huiita utafiti wa soko na humpa mtu aliyesoma biashara.

Nirudi kwa wateja niliowatarajia. Nilichagua Ihumwa kwa sababu magari ya Mtumba yanapita hapa kila asubuhi. Nilijiambia: wizara zote ziko jirani, miradi yote inapitia huko, na mradi gani hauna watu ndani yake? Magari yanapita. Hakuna hata moja lililosimama, isipokuwa kwa ajili ya chipsi.

Awali nilidhani Serikali haina kazi ya aina yangu. Baadaye nikagundua inayo, ila inatushika mkono pale tu mkopeshaji anapotazama. Chukua bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga: kilomita 1,443, na 1,147 kati ya hizo ziko kwetu. Wakopeshaji wa miradi ya ukubwa ule wana masharti: kabla ya kumhamisha mtu, ijulikane ni nani, analima nini, amezika wapi, anadai nini na alalamike wapi. Ghafla wanasosholojia tukahitajika. Tukapewa buti, vizibao vya kung'aa na posho ya kujikimu, tukatumwa kwenda kuketi na watu kwenye mikeka. Mradi usio na mkopeshaji wa aina hiyo hauna mkeka. Hapo sisi ni watu wa maneno mengi, tunachelewesha mkandarasi.

Historia ingetosha kuwa mkopeshaji wetu. Ukitoka hapa kuelekea mashariki utafika Kongwa. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilikuja pale na mpango wa karanga, pamoja na vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta. Wagogo walioishi pale walijua mvua zao na walijua ardhi ile inavyokuwa ngumu ikikauka, lakini katika mpango mzima hakukuwa na kiti cha mtu wa kuwauliza. Kufikia 1951 mpango ulikuwa umekufa, na pauni milioni 36 hivi zimekwenda nao. Hiyo ni ya mkoloni, tunaisimulia kwa raha. Ya kwetu wenyewe, ya 1973 hadi 1976, tunaisimulia kwa sauti ya chini: mamilioni wakahamishiwa vijijini, nyumba zikapangwa kwa mstari kando ya barabara ili lori lipite, na mashamba yakabaki mbali nyuma. Hapo hapakuwa na Mwingereza wa kusingizia.

Labda, Mheshimiwa, unaniona nalalamika kana kwamba fani hii haina nafasi kabisa. La hasha. Nimefanya uchunguzi nikakuta ina nafasi za juu sana. Eduardo Mondlane, aliyeiongoza FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, kutoka hapa hapa nchini, Dar es Salaam, mpaka alipouawa kwa bomu Februari 1969, alikuwa na shahada ya uzamivu katika sosholojia. Kofi Busia, mwanasosholojia, alikuwa Waziri Mkuu wa Ghana. Fernando Henrique Cardoso, mwanasosholojia, aliitawala Brazil kuanzia 1995 hadi mwanzoni mwa 2003. Chini kabisa nako tuna nafasi: katika sensa ya Agosti 2022 wenzangu walipata ukarani, kila mmoja na kishikwambi chake. Wakaihesabia Serikali watu 61,741,120, kisha wakarudisha vishikwambi na kujiunga na wale waliowahesabu kuwa hawana kazi. Kwa hiyo fani yetu ina nafasi mbili za uhakika, urais na ukarani wa sensa. Zilizo katikati ndizo hazijatengewa fungu.

Utanikumbusha kuna Afisa Maendeleo ya Jamii. Ni kweli, na huyo nimemtembelea. Hana hata nafasi ya kukaa. Asubuhi ana kesi ya mwanamke aliyepigwa, mchana ana walengwa wa TASAF, mfuko wa kusaidia kaya maskini, jioni ana maandalizi ya Mwenge, na katikati anatakiwa kusimamia mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 Serikali iliisimamisha mikopo hiyo ili kupanga utaratibu mwingine, baada ya ukaguzi kuonyesha fedha hazirudi na baadhi ya vikundi ni hewa.

Vikundi hewa! Mheshimiwa, hilo ni somo letu la mwaka wa kwanza. Kikundi hewa huwa na katiba nzuri, muhtasari wenye saini zote na muhuri wa mtendaji, tena mara nyingi nyaraka zake ni safi kuliko za kikundi cha kweli. Ukitaka kukijua, waulize wanachama mmoja mmoja: mara ya mwisho mlichangiana msiba wa nani? Nani alishika daftari? Nani hakutoa, na mkamfanyaje? Kikundi cha kweli kitaanza kubishana hapo hapo. Kikundi hewa kitatazamana, kisha kitamtazama mwenyekiti. Uchunguzi huo hauhitaji mfumo mpya wa kompyuta. Unahitaji mtu aliyefundishwa kuuliza na kupewa siku mbili za kukaa katani. Kwa orodha yangu ya bei, kikundi kimoja ni shilingi 30,000, chai ni juu yangu.

Nisiwabebeshe ninyi mzigo wote. Vyuo vyetu navyo vina lao. Mwanafunzi anamaliza akiwa anayajua zaidi maisha ya vibarua wa viwanda vya Ulaya ya karne ya 19 kuliko ya wapasua kokoto wa Kunduchi. Akiandika utafiti kuhusu wakulima na wafugaji, anauandika kwa Kiingereza, unapigwa jalada gumu, unakwenda maktaba kupumzika. Mkurugenzi wa halmashauri akiomba kurasa tatu za Kiswahili zinazomwambia afanye nini Jumatatu, tunamletea sura ya nadharia. Na wengi wetu, tuseme ukweli, hatukuichagua sosholojia. Alama zetu zilituchagulia. Lakini hata walioipenda wanakutana na tangazo lile lile: nafasi moja, fani nane zinazoruhusiwa, umri usiozidi miaka 45, na kwa mashirika yasiyo ya kiserikali, uzoefu usiopungua miaka mitano kwa kazi ya kuanzia. Usaili unafanyika ukumbini ambako mtu wa nyuma hawezi kumwona msimamizi.

Kuna Mmarekani mmoja, C. Wright Mills, alitoa kitabu mwaka 1959 na ndani yake aliweka hesabu nyepesi. Katika mji wa watu 100,000, akikosa kazi mtu mmoja tu, hilo ni tatizo lake. Tumtazame tabia, ujuzi na bidii yake. Lakini katika taifa la wafanyakazi milioni 50, wakikosa kazi milioni 15, hilo si tatizo la mtu tena, ni jambo la nchi, na kumtafuta mwenye makosa kwa kuchungulia tabia ya kila mmoja ni kupoteza muda. Agizo la kujiajiri, pamoja na nia yake njema, linachukua jambo la pili na kulitibu kwa dawa ya la kwanza. Kila mhitimu anaambiwa peke yake kwamba amechagua kazi. Tukikusanyika ukumbini kwenye usaili ndipo tunapoonana kuwa tumechagua wote kwa pamoja, jambo ambalo kitaalamu ni la kushangaza.

Kuhusu fedha, taarifa ni fupi. Sheria inamtaka mwajiri akate asilimia 15 ya mshahara wa aliyenufaika na mkopo wa elimu ya juu. Kwa kuwa mwajiri wangu ni mimi, nimejiandikia barua ya kujikumbusha. Mpaka naandika taarifa hii sijanijibu, na nafikiria kunichukulia hatua.

Sasa ombi, maana taarifa bila ombi haijapata kuonekana. Sitaki mtaji, wala semina ya ujasiriamali. Nimeshahudhuria za kutosha kuweza kuzifundisha. Naomba mradi wowote wa umma unaogusa makazi, maji, afya au ardhi za watu uwe na mtaalamu wa jamii kwenye bajeti yake kabla mchoro haujakamilika, mwenye mkataba na mamlaka ya kusema "hapa bado", hata kama hakuna mkopeshaji anayetazama. Kila halmashauri ipate wawili wa kuhakiki vikundi kabla ya fedha kutoka. Mishahara ya hao wawili kwa mwaka mzima huenda ikawa midogo kuliko gharama ya kisima kimoja kilichochimbwa mahali ambapo wanawake hawapiti.

Bajeti inasomwa Juni, na mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Fungu hilo tunaomba liwemo, na kwenye tangazo la kazi msiandike uzoefu wa miaka mitano.

Wako mtiifu katika ujenzi wa Taifa,

Mkurugenzi Mtendaji, Mhasibu na Mlinzi,
Kibanda cha Sosholojia, Ihumwa.

Nakala: Mwenye kibanda, kwa taarifa kuhusu kodi ya mwezi huu.