Jinsi ya Kuongoza Kikosi Kikashindwa na Bado Ukaheshimiwa

Jitangaze kamanda kabla mwenzako hajawasha kipaza sauti. Huku Rongai ya Nakuru (ile ya Kajiado ina makamanda wake, pamoja na kelele za matatu zao) cheo hiki hakihitaji shahada ya Kabarak. Kikosi cha mchezo wa PUBG Mobile ni watu wanne. Wewe kamanda, wa pili msemaji wa kamanda, wa tatu mweka hazina wa risasi. Atabaki mmoja wa kupigana. Huyo ndiye wa kulaumiwa.

Mkiwa kwenye ndege, watu mia moja wakikichungulia kisiwa cha Erangel, usitie alama kwenye ramani. Alama hueleweka mara moja, na kikosi kinachoelewa mara moja kitakuhitaji wa nini? Hutubu. Gusia umoja. Ndege ikishavuka kisiwa, lalamika kwamba maagizo hayafuatwi.

Adui akitokea, sema, "Yuko pale!" Juu ya skrini kuna dira yenye nyuzi, na anayesema "mia na ishirini, nyuma ya mti" hueleweka hata na aliye Mombasa. Achana nayo. Ukiulizwa pale wapi, ongeza sauti na unyooshe kidole, hata kama uko peke yako chumbani.

Kipaza sauti kisizimwe kamwe. Katika mchezo huu nyayo za adui husikika kabla hajaonekana, ndiyo maana vikosi vya maana hunyamaza. Chako kisikie malori yakinguruma kuelekea Salgaa, jogoo, kisha mama mlangoni: "Wewe! Ng'ombe watajikamua?" Jibu kwa heshima, "Naja, Mama," huku mmezingirwa.

Mwenzako akiangushwa, akitambaa na kuomba ainuliwe, uhai wake hupungua kila sekunde. Mpe mawaidha kwanza. Muulize alikuwa akifikiria nini. Akishakufa na kugeuka sanduku, sogea: sanduku lina risasi, na halibishani.

Mkishindwa, taja mtandao. Uzuri wa sababu hii ni kwamba ina chembe ya ukweli, maana kutoka mashamba ya mahindi hadi seva ya Ulaya ni mbali. Wakikataa, fanya kama serikali: unda tume ya uchunguzi kwenye kundi la WhatsApp, mwenyekiti ukiwa wewe. Ripoti ikidaiwa sana, itume kwa video ndefu, usiku ambao bando za wote zimekwisha.